Nilitazama Rangi, Sikusoma Kazi

Mwaka 2020 nilimpa mwanafunzi wangu sifuri kwa kazi ambayo yeye ndiye aliyeihangaikia kuliko wenzake wote. Niliitangaza sifuri hiyo mbele ya wazazi. Nilipoambiwa kwamba nimekosea, sikusikiliza. Ninafundisha Kiswahili katika shule moja ya upili ya kutwa hapa Dandora, Nairobi, na kisa hiki nimewahi kuwasimulia walimu wenzangu kwa vipande, kila mara nikiruka pale panaponiuma. Leo sitaruka.

Shule zilifungwa ghafla mwaka huo kwa sababu ya korona. Jumapili ya tarehe 15 Machi Rais alihutubia taifa, na mara darasa langu la Kidato cha Tatu likawa limetawanyika kwenye ploti za mtaa wetu, kuanzia Phase 1 hadi Phase 5. Watahiniwa walirudi tarehe 12 Oktoba. Wangu hawakuwa watahiniwa, kwa hiyo walikaa nyumbani hadi tarehe 4 Januari 2021. Redio na televisheni zilikuwa na vipindi vya masomo, lakini nani atasahihisha insha iliyoandikwa mbele ya redio? Watoto wale hawakunitoka akilini. Nilijua baadhi yao walikuwa wakishinda kando ya jaa la taka wakichambua plastiki za kuuza, na wengine wakiuza barakoa stejini. Nilitaka wabaki na kazi inayowakumbusha kwamba bado ni wanafunzi. Nia yangu ilikuwa njema, na nadhani hiyo nia njema ndiyo iliyonipofusha baadaye. Sikuweza kuamini kwamba mwalimu aliyejitolea kiasi kile anaweza pia kuwa ndiye anayedhulumu.

Nikaamua kutumia hati ya pamoja ya Google Docs. Kila kundi la wanafunzi watano wa Phase moja lingeandika insha ndefu juu ya historia ya mtaa wao: nani alifika kwanza, nyumba zilijengwaje, watu walifanya kazi gani, majina ya vituo yalitoka wapi. Ningetuma linki kwenye kundi la WhatsApp, wangeingia na kuandika pamoja, kila mmoja akiona sentensi ya mwenzake ikitokea herufi kwa herufi. Nami ningepita humo na kuacha maoni pembeni mwa ukurasa, jinsi nipitavyo katikati ya madawati.

Mwanzo ulinitia moyo sana. Kundi moja lilibishana pembeni mwa ukurasa kuhusu Kalamashaka, wana wa Dandora walioipa rap ya Kiswahili heshima yake: je, historia ya mtaa ianze na nyumba au na muziki? Ulikuwa ubishi wa maana kuliko mwingi niliousikia darasani. Kundi jingine liliweka picha ya risiti ya zamani ya kodi ya nyumba. Nilikuwa nikifungua hati zile usiku kabla ya kulala, kwa furaha tele.

Kundi la Phase 4 ndilo lililonikwaza. Hati yao ilikuwa ikijaa kwa kasi, kurasa baada ya kurasa, lakini kila nilipoingia sikuona ubishi wala maoni. Ndipo nikafungua historia ya matoleo.

Kwa asiyeijua, sehemu hiyo huonyesha kila badiliko lililofanywa kwenye hati, tarehe yake na saa yake, na kila akaunti hupewa rangi yake. Unaweza kuirudisha hati nyuma hadi neno la kwanza na kuona nani alichapa nini. Katika hati ya Phase 4 kulikuwa na rangi moja tu, kijani, kutoka mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa ya akaunti ya msichana mmoja. Na maandishi yote yalikuwa yameingia kati ya saa mbili na saa sita usiku. Wenzake wanne hawakuwa wamechapa hata nukta. Mmoja wao, kijana, sikuwahi kumwona ndani ya hati hata mara moja.

Nilifurahi. Ni aibu kulitamka hili, lakini ndilo lililotokea moyoni mwangu. Kazi ya vikundi ina ugonjwa wake wa tangu jadi: mmoja huandika, wengine huandikisha majina. Kila mwalimu anaujua, na kila mwalimu amewahi kumpa mvivu alama za mwenzake kwa kukosa ushahidi. Mimi sasa nilikuwa na ushahidi wa saa na dakika. Niliketi nikaunda jedwali, jina na asilimia, jina na asilimia. Insha ilikuwa ya alama 30. Msichana nikampa 28. Wale wanne nikawapa sifuri, na mbele ya jina la yule kijana nikaongeza: "Huyu hakufungua hata hati. Mzazi tafadhali afuatilie." Kisha nikalituma jedwali zima kwenye kundi la WhatsApp ambalo wazazi nao walikuwamo.

Wakati huo Kenya tayari ilikuwa na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, inayotaka taarifa za mtoto zishughulikiwe kwa idhini ya mzazi na kwa namna inayolinda haki na maslahi ya mtoto. Sikuifikiria. Lakini hata pasipo sheria, mtu mzima anapaswa kujua kwamba alama za mtoto hazianikwi kwenye simu za majirani.

Yule kijana alikuwa akiishi na nyanyake. Nyanya alikuwa na kabambe, simu isiyo na WhatsApp, kwa hiyo hakuwamo kwenye kundi. Jirani ndiye aliyemsomea.

Jioni ya siku iliyofuata, kabla ya kafyu, nilipata ujumbe kutoka kwa msichana: "Mwalimu, pole kwa usumbufu. Hizo alama si za mtu mmoja, tuliandika sote. Tafadhali tugawie." Niliusoma nikauona kuwa wema wa mtoto anayewaonea huruma wenzake, au labda amebanwa nao. Nikajibu, "Rekodi iko wazi." Hakuandika tena.

Mwalimu mzuri wa lugha hangehitaji ujumbe ule. Insha yenyewe ilikuwa imeniambia kila kitu. Aya ya pili ilianza kwa kusema, "Nyanya yangu alipewa ploti mwaka 1977." Msichana yule hakuwa na nyanya Dandora. Alikuja mtaani akiwa darasa la sita, akitokea Kakamega, na mimi nilijua hilo kwa sababu alikuwa ameliandika katika insha nyingine niliyoisahihisha mwenyewe. Sehemu moja ya kazi ilikuwa na sentensi fupi fupi za mtu anayependa mpira. Nyingine ilikuwa na methali kila baada ya mistari mitatu. Nimefundisha mtindo kwa miaka mingi, nimewaambia wanafunzi kwamba kila mwandishi ana sauti yake, kisha nikasoma kurasa zenye sauti tano na sikuzisikia. Nilisahihisha tahajia na upatanisho wa kisarufi, nikaandika 28, nikaenda kuhesabu rangi.

Shule ilipofunguliwa Januari, nyanya yule alikuja. Nilimkuta amesimama nje ya chumba cha walimu, ameshika mkoba wa kiondo. Nilimwamkia, nikamkaribisha kiti.

"Sijakuja kukaa," akasema. "Ni wewe mwalimu wa Kiswahili?"

"Ni mimi, nyanya."

"Huyu kijana alikaa na mimi kwa mlango juma zima. Nikisema, anaandika. Nikichoka ananiambia, shosho pumzika, tutaendelea kesho. Sasa nasikia ulimpa sifuri. Hiyo sifuri ni ya nini? Ni ya maneno yangu?"

Akatoa daftari kwenye kiondo.

Lilikuwa daftari la kawaida la mistari, jalada lake limeshikizwa kwa selotepu. Kurasa za kushoto zilikuwa na maswali na za kulia zilikuwa na majibu, kwa kalamu ya bluu, mwandiko wa kulala kidogo ambao ningeutambua popote. Maswali yalikuwa mazuri. Yule kijana hakumuuliza nyanyake tu "mlikuja lini". Alimuuliza nani alibeba mchanga. Alimuuliza mvua ilipokuja kabla ya paa watoto walilala wapi. Baada ya kurasa kadhaa mwandiko ulibadilika, ukawa wa mwanafunzi mwingine, kisha wa tatu, kisha wa nne. Na pembeni mwa kila aya kulikuwa na alama ndogo ya penseli na neno "tayari". Mwandiko wa neno hilo ulikuwa wa msichana. Ndivyo alivyojua amechapa hadi wapi.

Nitasema kidogo kuhusu kilichoandikwa humo, kwa maana ndicho nilichokitupa. Dandora ilianza kama mradi wa Baraza la Jiji la Nairobi na Benki ya Dunia, uliotiwa saini mwaka 1975, wa viwanja kama 6,000 vya watu wa kipato cha chini. Mwenye bahati hakupewa nyumba. Alipewa kiwanja chenye choo na bafu vilivyounganishwa na maji na mfereji wa maji taka, akapata mkopo wa vifaa, na vyumba ajijengee mwenyewe. Wengi hawakuwa na uwezo huo. Basi wakaunda vikundi vya ujenzi: wanachanga kila mwezi, wanasimamisha chumba cha mmoja, wanahamia kwa mwingine. Nyanya alikuwa katika kikundi kama hicho. Alimwambia mjukuu wake kwamba barua ya ploti ina jina lake pekee, lakini akiulizwa nani alijenga chumba cha kwanza, lazima ataje wanawake wote. Kijana aliyaandika majina yao, moja chini ya jingine. Majina yale yalikuwamo kwenye hati. Niliyapita.

Nilipowaita wanafunzi wale mmoja mmoja, nikauliza swali ambalo nilipaswa kuuliza miezi mingi kabla, walinieleza kwa urahisi kabisa. Simu ilikuwa ya mamake msichana. Mama huyo alikuwa akiuza mboga Kariobangi, na wateja walimlipa kwa M-Pesa, kwa hiyo simu iliondoka naye alfajiri. Tangu tarehe 27 Machi kulikuwa na kafyu ya saa moja jioni, naye alirudi kabla ya hapo. Baada ya chakula simu ikawa huru, lakini usiku huo hakuna mtoto angeweza kutoka ploti moja kwenda nyingine kwa kuogopa polisi. Hivyo mchana waliandika kwenye daftari wakilizungusha kutoka mlango hadi mlango, na usiku msichana akachapa. Bando ya shilingi ishirini walichanga wale wanne, tano tano. Yule niliyemwandikia kwamba hakufungua hata hati alikuwa ameilipia, kutoka kwenye pesa za chupa alizookota.

Nimejaribu sana kujua kwa nini niliamini kile nilichokiamini, kwa sababu sikuwa mgeni. Ninaishi mtaa huu huu. Ninajua nyumba zenye simu moja kwa watu saba. Nadhani ni kwamba kile kioo kilinipa kitu ambacho mwalimu wa madarasa makubwa hupata kwa nadra sana: uhakika. Darasani ninakisia. Ninakisia nani amesoma, nani amenakili, nani ana njaa. Pale nilipewa jina, saa na rangi, na uchovu wangu wote ukapata mahali pa kupumzika.

Chombo hakikunidanganya. Kilisema kwamba akaunti hii ilichapa maneno haya saa hii. Mimi ndiye niliyesoma kwamba mwanafunzi huyu aliandika na wale hawakuandika. Kati ya kauli hizo mbili kuna umbali mkubwa, na ni kazi ya mwalimu kuutembea kwa miguu yake. Wazo la chombo hiki ni la zamani: tarehe 9 Desemba 1968, mhandisi Mmarekani Douglas Engelbart aliwaonyesha watu ukumbini San Francisco jinsi yeye na mwenzake aliyekuwa Menlo Park walivyoweza kushughulikia maandishi yale yale kwa wakati mmoja. Google ilinunua programu ya Writely mwaka 2006 ikaifanya msingi wa Google Docs, na kufikia 2010 herufi za mwenzako zilionekana papo hapo unapoandika. Ni kazi ya kupendeza kweli, na bado naipenda. Lakini katika safari yote hiyo ilichukuliwa kwamba kila mtu ameketi mbele ya kioo chake na ameingia kwa jina lake. Phase 4 watu watano walikuwa na kioo kimoja kwa saa nne za usiku. Walishirikiana kuliko kundi lolote katika darasa langu, na ushirikiano wao haukuacha alama mahali nilipokuwa nikitazama.

Nimeamua kuliandika sasa kwa sababu naona wenzangu wengi wakielekea pale pale. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, historia ya matoleo imegeuzwa ushahidi wa uaminifu. Mwalimu akiona aya ndefu imeingia kwa mara moja, dakika moja, anasema imeibwa. Hapa kwetu aya huingia hivyo kila siku. Mwanafunzi anaandika kwenye karatasi, anaifikisha saiba, mhudumu anamchapia kwenye faili jingine, kisha maandishi yanabandikwa kwenye hati kabla muda uliolipiwa haujaisha. Wengine stima hupotea, wanaandika kwenye sehemu ya ujumbe ya simu, wanahamisha baadaye. Yule mwenye laptopu na Wi-Fi nyumbani ataonekana ameandika polepole, akifuta na kurekebisha, mwaminifu kabisa. Huyu wa saiba ataonekana mwizi.

Na siku hizi alama hizo zina uzito mwingine. Watahiniwa wa kwanza wa Gredi 9 walifanya KJSEA mwaka 2025, na katika kuwapanga kwenda shule za upili za juu mtihani huo unahesabiwa asilimia 60, KPSEA ya Gredi 6 asilimia 20, na tathmini za shuleni za Gredi 7 na 8 asilimia 20. Hizo 20 za shuleni hutoka mikononi mwa mwalimu, zikiwamo za kazi za mradi. Sifuri kama ile yangu, ikitolewa leo kwa mtoto wa Gredi 7, inaweza kumfuata hadi mlango wa shule atakayopangiwa au kunyimwa.

Bado ninatumia hati ya pamoja. Ila sasa ukurasa wa kwanza ni wa kundi lenyewe kueleza nani alihoji, nani aliandika kwa mkono, nani alichapa, simu ilikuwa ya nani. Madaftari na karatasi za mswada huletwa pamoja na linki, na kabla ya alama yoyote ninaketi na kila mwanafunzi aniambie sehemu yake kwa mdomo. Inachukua muda mwingi, tena muda ambao sina. Historia ya matoleo ninaifungua mwisho, na nikiona kitu cha ajabu humo kinakuwa swali la kuulizwa. Alama kila mwanafunzi anaonyeshwa yeye mwenyewe, peke yake.

Wale watano niliwapa wote 28. Nilisimama mbele ya darasa nikaeleza nilichofanya, nikaandika msamaha kwenye kundi la wazazi, nikaenda Phase 4 kumwomba nyanya radhi mlangoni pale pale alipokuwa ameketi akisimulia. Alinikaribisha chai. Jedwali lile, hata hivyo, lilikuwa limekwisha sambazwa kwenye makundi mengine, na sikuwa na njia ya kuufikisha msamaha kila mahali lilikofika. Kijana alinisikiliza, akasema, "Ni sawa, mwalimu," na akafanya mtihani wake wa KCSE Machi 2022. Lakini hakuinua mkono tena katika darasa langu. Akiulizwa alijibu, tena vizuri, na kuketi. Alikuwa mtoto wa kuuliza nani alibeba mchanga, na mwaka mzima hakuniuliza kitu.

Msichana ndiye niliyechelewa kumwomba msamaha, kwa sababu nilijiambia kwamba yeye sikumwonea, yeye nilimpa alama. Sikufikiria ilikuwaje kwake kuishi mtaa mmoja na wenzake walioandikiwa sifuri huku jina lake likiwa juu ya kazi yao. Alipokuja shuleni kuchukua cheti chake ndipo nilipomwambia. Nilimtajia ujumbe wake wa ile jioni, na jibu langu, na kwamba nilipaswa kumsikiliza.

"Ule ujumbe hata sikuandika peke yangu, mwalimu," akasema. "Tulikuwa kwa mlango wetu, mama ndio ametoka kuingia na simu. Kila mtu alikuwa anasema aandikwe nini. Ile ya 'pole kwa usumbufu' tuliweka ndio usikasirike."

Nikamuuliza kama yule kijana naye alikuwapo.

"Alikuwapo. Yeye alisema tusitume. Alisema hutaamini."